Mmisionari mgeni Nairobi: jinsi ya kuupanga mwaka wa kwanza

Mwongozo huu ni wa mtumishi au familia inayotumwa na kanisa la nje ya Kenya kuja kuhudumu katika mitaa ya Nairobi: Kayole, Pipeline, Mukuru, Kawangware, Githurai na mingine ya namna hiyo. Tumemlenga zaidi yule anayekuja na Kiswahili chake tayari, awe Mtanzania, Mkongomani au Mrundi, kwa sababu huyo ndiye hufika akidhani hana la kujifunza. Mahubiri hayamshindi. Kinachomchosha ni hati, maji na maombi ya pesa, na mara nyingi huja kwa mpangilio huo huo.

Hatua ya 1: Kanisa mwenyeji na hati, kabla ya kufunga mizigo

Usije kutafuta kanisa la kukupokea ukiwa umeshafika. Kanisa au shirika mwenyeji liwe limesajiliwa Kenya na liwe tayari kukuombea kibali, maana anayeomba ni shirika. Kibali cha watumishi wa dini ni cha daraja la I, yaani herufi I, si namba moja. Fomu nyingi hukwama kwa kosa hilo dogo. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji yenye makao Nyayo House, pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, na ombi lenyewe hupelekwa kwa mtandao.

Kusanya mapema barua ya kanisa mwenyeji inayoeleza kazi utakayofanya, nakala ya cheti chake cha usajili, hati ya kuonyesha kwamba limetimiza masharti ya kodi, nakala za pasipoti, picha, vyeti vya masomo vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, na cheti cha polisi wa nchi yako kwamba huna rekodi ya uhalifu. Hicho cha mwisho kitoe ukiwa bado kwenu. Kukifuatilia Kinshasa au Bujumbura kwa simu ukiwa umeketi Nairobi ni mateso.

Mtanzania au Mganda huingia bila visa na huweza kugongewa muhuri wa mgeni wa hadi miezi 6. Muhuri huo ni wa kutembea tu. Kuongoza ibada kila Jumapili au kufundisha darasa la ubatizo ni kazi machoni pa Uhamiaji hata kama hulipwi senti. Atakayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha na kuchukua kitambulisho cha mgeni. Mke au mume na watoto huombewa pasi ya wategemezi, na mwenye pasi hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Ikiwa mama atahudumu pia, labda anafundisha au ni muuguzi, mwombeeni kibali chake mwenyewe tangu mwanzo. Makanisa mengi husahau hili, halafu mama anakaa mwaka mzima ndani ya nyumba kwa hofu.

Kuna sababu nyingine ya kuja chini ya kanisa linalojulikana. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa. Tangu hapo mhubiri mgeni asiye na mwenyeji huangaliwa kwa jicho lingine, na ni haki. Wiki ya kwanza mchungaji mwenyeji akupeleke kwa chifu wa eneo na kwa wazee wa Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa. Mpeleke yeye mbele, azungumze yeye. Wewe salimia, taja jina lako na la kanisa, kunywa chai ikiletwa.

Hatua ya 2: Nyumba

Kaa mahali unapoweza kwenda kanisani kwa miguu. Anayehudumu Mukuru kwa Njenga na kulala Kilimani hataambiwa lolote la usiku: nani kafukuzwa nyumba, nani kapigwa, nani kajifungua. Lakini pia si lazima ukae kwenye mabati ili uonekane mnyenyekevu, hasa kama una watoto. Ghorofa za Pipeline ziko hatua chache kutoka Mukuru kwa Njenga, na majirani zako watakuwa washirika wale wale.

Ukienda kuangalia nyumba, nenda mara mbili: mchana, na saa mbili usiku. Mchana fungua bomba mwenyewe. Uliza maji huja siku gani, na muulize mpangaji anayeanika nguo, usimuulize msimamizi wa ploti, kwa sababu yeye atakwambia ni kila siku. Angalia kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia na wengine; mita ya kuchangia huleta ugomvi kila tokeni zinapoisha. Zima taa mchana uone: katika ghorofa zilizobanana kuna vyumba visivyopata mwanga kabisa, na taa itawaka kutwa kwa gharama yako. Usiku utasikia kama ukuta wa pili ni baa au ni kanisa la kesha.

Ghorofa ya pili au ya tatu ndiyo tunayopendekeza. Ya chini hupata maji taka mvua za Machi hadi Mei zikipiga, na wezi huifikia kwa urahisi. Ya sita na ya saba maji hayapandi, kwa hiyo utayabeba kwa ngazi.

Utalipa kodi ya mwezi mmoja na deposti ya mwezi mwingine, mara nyingine na deposti ndogo ya maji. Lipa kwa namba ya benki au paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) ya mwenye nyumba, usimpe msimamizi mkononi, na tunza ujumbe wa M-Pesa. Kodi inatakiwa mapema, kwa kawaida kufikia tarehe 5. Ikichelewa, kuna ploti ambako mlango hutiwa kufuli, hata awe wa mtumishi wa Mungu.

Vyombo usinunue supamaketi. Sufuria, jiko la makaa na karai nunua soko la Kamukunji kwa mafundi wenyewe. Shuka, mapazia na blanketi nunua Gikomba, soko la mitumba, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Blanketi nunua zito. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mtu aliyetoka Dar es Salaam au Bujumbura hutetemeka kitandani.

Hatua ya 3: Maji, gesi na chakula

Familia ya watu wanne inayojibana hutumia mitungi 6 hadi 8 ya lita 20 kwa siku, na siku ya kufua ongeza 4 au 5. Kwa hiyo nunua pipa moja la lita 200 lenye kifuniko na mitungi 6. Maji ya bomba yakija, jaza pipa kwanza, kisha mitungi, kisha fua. Wageni huanza na kufua, bomba linakatika, na jioni wanamsubiri mwenye mkokoteni anayeuza mtungi kwa bei anayotaka.

Tenga mitungi miwili ya kunywa, itie alama ya rangi, na usiichanganye na ya kuogea. Kila wiki tia kokoto safi konzi moja, maji kidogo na sabuni, tikisa kwa nguvu hadi utelezi wa kijani ndani uondoke, suuza mara tatu. Maji ya kunywa yachemke kabisa, mapovu makubwa, dakika 1 hadi 3. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaota. Ukijua maji ya ploti yako ni ya kisima, yatumie kwa kuoga na kufua, na ya kunywa ya watoto nunua au chota penye bomba la kampuni ya maji.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 huweza kukaa mwezi kwa familia ndogo ikiwa maharagwe na githeri (mahindi na maharagwe pamoja) vinachemshwa kwa makaa. Ukichemshia gesi, wiki mbili umemaliza. Loweka maharagwe usiku kucha. Jiko la makaa liwe nje au mlangoni penye hewa, na kamwe usiliingize chumba cha kulala ili kupata joto kwenye baridi ya Julai. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hufa nayo usingizini.

Mboga nunua kwa mama mboga mmoja wa jirani, jioni, na umzoee. Atakukatia sukuma wiki huku mkizungumza, na ndani ya mwezi atakuwa amekujulisha kwa nusu ya mtaa. Usichukue kwa deni hata siku moja: habari ya mchungaji mwenye deni la vitunguu hutembea haraka kuliko mahubiri yake.

Hatua ya 4: Simu, pesa na usafiri

Sajili laini kwa pasipoti na ufungue M-Pesa. Chukua laini mbili: moja ya nyumbani, nyingine ya huduma. Zikiwa moja, mwisho wa mwezi hutajua kama umekula sadaka au umetoa chakula cha watoto kwa wengine, na kamati iliyokutuma haitakuelewa. Ukipigiwa na mtu anayesema ametuma pesa kwako kimakosa, usirudishe kwa mkono. Angalia salio lako kwanza, kisha mwambie aombe mtandao urudishe. Ujumbe wa uongo hufanana sana na wa kweli.

Kwenye matatu uliza nauli kabla ya kupanda, maana mvua ikianza au saa kumi na moja jioni ikifika, hupanda papo hapo. Namba za njia ndizo dira yako: 46 ni Kawangware, 33 Embakasi, 45 Githurai, 125 Rongai. Ukikaa dirishani, simu ibaki mfukoni. Tembea na nakala ya kibali na kitambulisho chako cha mgeni, hasa usiku.

Hatua ya 5: Wiki ya kazi

Miezi mitatu ya kwanza usianzishe kitu. Hudhuria tu: ibada zote mbili za Jumapili (mitaa mingi huwa na ya Kiingereza asubuhi na ya Kiswahili baadaye), jumuiya ndogo au kikundi cha nyumbani katikati ya wiki, kikao cha akina mama, mazoezi ya kwaya. Kwa Wakatoliki salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo", na hujibiwa "Milele na milele, Amina". Kwa makanisa mengi ya Kiprotestanti ni "Bwana asifiwe". Ukisimama kusalimia kanisa, dakika mbili zinatosha. Vijana watazungumza Sheng, lugha ya mtaani inayochanganya Kiswahili na Kiingereza. Sikiliza, cheka nao, lakini usijaribu kuhubiri nayo.

Panga saa zako kufuata za watu. Wanaofanya kibarua Industrial Area hutoka alfajiri kwa miguu, wengine saa kumi na moja. Wanawake wengi hutoka kutafuta kazi ya kufua South B na kwingineko, hurudi alasiri. Kutembelea nyumba saa nne asubuhi kunakukutanisha na wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga, na hao wanahitaji kutembelewa, ila usiseme mtaa hauna watu. Wengine utawapata kuanzia saa kumi na moja jioni, Jumamosi alasiri, na Jumapili baada ya ibada.

Nenda na mshirika wa mtaa huo, wawili au watatu, wala msiwe kundi la watu wanane katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Mwanamume asiingie peke yake kwa mama aliye peke yake. Beba kitu cha jikoni: paketi ya unga ya kilo 2, sukari nusu kilo, au majani ya chai na mkate. Mpe mwenyeji mlangoni, kimya, bila kutangaza. Mkiingia mtaketishwa kitandani kwa kuwa ndicho kiti kilichopo, pazia litavutwa, mtoto atatumwa maziwa ya kumi au ishirini. Ngojeni chai hiyo. Kuikataa kwa kumhurumia kunamwaibisha kuliko gharama yake. Maombi yawe mafupi na yataje alichowaambia: jina la mtoto, siku ya kwenda kliniki. Ondokeni kabla ya saa ya kupika ugali, la sivyo atalazimika kuwapikia.

Hatua ya 6: Maombi ya pesa

Hapa ndipo huduma nyingi huvunjika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ukiwa mgeni kutoka nje, hata ukiwa na mshahara mdogo kuliko wa fundi wa mjengo, utahesabiwa kuwa na mfereji wa pesa. Mwezi wa kwanza wataombwa wengine kupitia kwako. Wa pili utaombwa wewe. Kodi, karo, dawa, mtaji wa mandazi, nauli ya mazishi.

Kabla hujaombwa, kubalianeni na kanisa mwenyeji utaratibu ufuatao, na mke na mume muushike sawasawa, kwa sababu watu watajaribu mlango wa pili wa kwanza ukifungwa:

1. Hutoi peke yako. Kila ombi linakwenda kwa kamati ya huruma au mashemasi, ambao wanaijua familia hiyo na wanajua ilisaidiwa lini.
2. Karo hulipwa kwenye akaunti ya shule, dawa kwenye dirisha la hospitali, kodi kwa mwenye nyumba. Pesa taslimu mkononi, hapana.
3. Hukopeshi. Unayemkopesha atakukwepa, na utakuwa umempoteza mshirika kwa shilingi elfu mbili.
4. Weka kiasi maalumu cha dharura kila mwezi. Kikiisha, kimeisha.

Isipokuwa moja: mtoto mwenye homa kali, mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku. Hapo hakuna kamati. Lipa teksi, nenda naye, uwaarifu mashemasi asubuhi.

Usiseme "nitaona". Mtaani neno hilo ni ndiyo. Sema, "Mama Brayo, nimesikia. Kamati inakutana Jumatano, nitalipeleka, na jibu utapata kwa mzee wa kanisa." Kisha lipeleke kweli. Kinachochoma watu ni kuachwa wakisubiri, na hapana iliyokuja kwa wakati wanaizoea.

Harambee na matanga ni jambo jingine. Katika harambee, yaani changizo la hadharani, majina na viwango husomwa kwa sauti, na kiwango chako kitakuwa kipimo cha miaka yote utakayokaa. Muulize mtunza hazina wazee wa kanisa hutoa kiasi gani, utoe hicho au pungufu kidogo. Msiba ukitokea, jamaa na majirani hukutana jioni kwa maombi na mchango hadi siku ya kusafirisha mwili, na mazishi mengi huwa ushago, yaani kijijini kwao, Ijumaa au Jumamosi. Nenda kila jioni unayoweza hata kama hutoi kitu. Kuketi kwako kunahesabiwa. Safari ya Siaya, Kakamega au Machakos nenda kwa watu wa kikundi chako cha nyumbani. Kwa wengine, fika asubuhi mwili unapotolewa mochari, sali nao, uwaage basi likiondoka.

Hatua ya 7: Watoto, picha na sauti

Usifungue makao ya watoto. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na sera ya sasa ni kurudisha watoto kwenye familia. Pesa hizo zikimlipia bibi kodi na karo, mtoto anabaki kwao. Darasa la Jumapili liwe na watu wazima wawili kila wakati na mlango wazi. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, piga 116, simu ya bure ya watoto. Wala msiketi na mtuhumiwa "kuyamaliza kikanisa".

Barua za kila mwezi kwa waliokutuma zinahitaji picha, na hapo ndipo wema huharibika. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha ya mtoto inataka ruhusa ya mzazi, kwa maandishi. Jiulize pia kama ungemwonyesha mama huyo maelezo uliyoandika chini ya picha yake. Ataiona tu: jirani zako wako Facebook kama wewe.

Mkutano wa nje unahitaji kuarifu polisi angalau siku 3 kabla na si zaidi ya 14, pamoja na ruhusa ya kaunti kwa vipaza sauti. Kesha yenye spika zinazoelekea ghorofa ya watu walioamka saa kumi alfajiri huleta malalamiko kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na malalamiko hayo ni ya haki. Funga spika saa tatu usiku, imbeni kwa midomo. Eastleigh, ambako majirani wengi ni Waislamu, usigawe vijikaratasi karibu na msikiti. Anza na majirani wa ngazi yako, salamu na chai, na mwezi wa Ramadhani usitembelee watu saa ya kufuturu bila kualikwa.

Hatua ya 8: Mapumziko na kuondoka

Jumatatu funga simu ya huduma na utoke mtaani, kwa kuwa ukibaki nyumbani mlango utagongwa. Msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum hugharimu kiingilio kidogo. Likizo ya mwaka chukua Desemba: mji humwagika kwenda ushago, kanisa hubaki nusu tupu, na hakuna atakayekusema. Rudi kabla ya shule kufunguliwa Januari. Huo ndio mwezi wa karo na mifuko mitupu, na kamati ya huruma hupata maombi mengi kuliko mwezi mwingine wowote.

Muda wako ukikaribia kwisha, anza makabidhiano miezi sita kabla. Kila kikundi ulichoongoza kiwe kimeongozwa na mwenyeji angalau miezi mitatu ukiwa umeketi nyuma. Funga hesabu na mtunza hazina kwa maandishi, mkiwa watu watatu. Mwenye nyumba mpe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, upake ukuta rangi mwenyewe, maana gharama ya rangi ikikatwa na yeye deposti yote huishia hapo. Kitambulisho cha mgeni na kibali kanisa mwenyeji livirudishe Uhamiaji na kuomba vifutwe. Kisipofutwa, atakayetumwa baada yako anaweza kuulizwa maswali kuhusu nafasi ambayo kwenye karatasi bado ni yako.